Mafiga mawili ya mpira: kisa cha jeki za tela la shemeji

Shemeji alinipigia simu Jumapili usiku, wakiwa bado njiani kutoka Mustang Island. Hata salamu hakuzimaliza. "Shemeji, hizi jeki zilizokuja na tela ni za kuchezea watoto. Nitafutie kubwa." Nyuma ya sauti yake nikamsikia dada yangu akisema, "Mwambie kunakocheza ni mbele." Shemeji akamjibu kwamba mbele hakuna jeki, sasa itacheza nini?

Neno la dada sikulitilia maanani. Nilipaswa.

Walikuwa wamelala siku mbili kwenye kisiwa hicho, pwani ya Texas karibu na Corpus Christi, mahali ambapo upepo wa Ghuba ya Meksiko haupumziki. Watu wanne ndani ya tela la futi 16. Mtoto akijigeuza kwenye kitanda cha mbele, vikombe vinagongana jikoni. Mtu akiinuka kwenda msalani, wote macho. Upepo ukilishika tela ubavuni, linalala kidogo, linarudi, linalala tena. Dada alisema alijiona yumo ndani ya ngalawa, na sisi ni watu wa Pangani, ngalawa hatukuzisoma kitabuni.

Mimi nilikuwa fundi wa gereji Tanga kabla ya kuhamia Houston. Kwetu tela ni kitu cha kubebea mkonge. Tela la kulala watu nimekuja kuliona huku, na sasa nayatengeneza mwisho wa wiki kwa jamaa na majirani. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kila anayeniletea tela linalocheza huanza na sentensi ileile ya shemeji: nitafutie jeki kubwa.

Tela lenyewe

Lina ekseli moja, na bati la kiwanda linasema ekseli hiyo inabeba pauni 3,500, yaani kilo 1,588 hivi. Springi ni za mabamba, kama za pikapu. Fremu ni bomba la mstatili la inchi 2 kwa 4, unene wa chuma milimita 3. Mbele kuna mkono wa pembetatu unaoshikana na gari, na juu yake jeki ya kusimama yenye kigurudumu chini. Nyuma, kwenye kona mbili, kiwanda kilifunga vijeki vya kulituliza tela likiegeshwa, vya mguu mmoja mmoja, ambavyo ukizungusha skrubu mguu unateremka kwa kuzunguka, mfano wa stendi ya baiskeli. Kwenye kona za mbele hakuna kitu kabisa. Kitanda cha watoto kiko mbele.

Jumamosi nilikwenda kwake na pima maji, futi ya chuma, jeki mbili za chupa na vipande vya mbao. Pesa ya kununulia jeki mpya alikuwa nayo mfukoni. Nikamwomba aiache hukohuko kwanza.

Tela lilisimama juu ya zege mbele ya nyumba, gari likiwa limeachanishwa. Nikasimamisha fimbo karibu na kila kona na kufunga futi hapo, kisha dada akaingia ndani na kuegemea ukuta huu, halafu ukuta ule, kwa mwendo wa mtu anayetwanga. Vijeki vya nyuma vikiwa vimeteremshwa, kona ya nyuma ilisogea pungufu ya nusu sentimita. Kona ya mbele ilisogea karibu sentimita 2. Dada akatoa kichwa dirishani: "Si nilisema?"

Kisha nikaweka jeki za chupa chini ya kona mbili za mbele, juu ya mbao, na kuzipandisha mpaka zikagusa fremu na kuibana kidogo. Dada akaegemea tena. Futi ya mbele sasa ikaonyesha kiasi kilekile cha nyuma. Vijeki "vya kuchezea watoto" vilikuwa bado palepale nyuma, havijaguswa. Shemeji alinyamaza muda, halafu akauliza kama jeki za chupa zinaweza kuachwa hivyo hivyo tu. Haziwezi. Zinavuja mafuta polepole, na asubuhi kona itakuwa imeshuka.

Kwa nini mbele

Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, kwa kuwa ncha tatu siku zote hupata pa kukaa. Tela la ekseli moja likishaachana na gari nalo hukaa juu ya mafiga matatu: tairi la kushoto, tairi la kulia, na ile jeki ya kwenye mkono. Ila mawili kati ya hayo ni ya mpira, na juu ya mpira pana springi. Figa la tatu ni chuma kigumu, lakini limesimama katikati mbele kabisa, kwa hiyo linazuia pua isishuke na halizuii tela kulala ubavu. Springi zimetengenezwa zicheze barabarani. Zikifika kambini hazina habari kwamba safari imekwisha.

Jeki za nyuma zinasaidia, lakini zina kasoro mbili ambazo ukubwa hauzitibu. Ya kwanza, jeki husukuma tu, haivuti. Watoto wawili wakipanda kitanda cha mbele, uzito unahama mbele ya ekseli, nyuma inakuwa nyepesi, na nyayo za jeki zinabaki zimegusa ardhi bila kuibana. Ya pili, fremu ya milimita 3 yenye urefu wa karibu mita 5 hujipinda. Unaweza kuishika nyuma kama umeimwagia zege, na mbele bado ikajisokota, kama kamba ya kitanda inavyolegea upande usiofungwa.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa huu: jeki nne, moja kila kona, za aina moja. Vijeki vya nyuma tungeweza kuviacha, lakini miguu yake ilikuwa imeshapinda kidogo na moja ilitoa mlio wa paka kila ikizungushwa. Tukaona bora vyote viondoke.

Kuchagua

Madukani kuna kila namna. Kuna stendi za alumini zenye umbo la piramidi, nafuu, hazihitaji hata tundu moja kwenye fremu, ila kila safari unatambaa kuziweka na unatambaa kuzitoa. Kuna za umeme, unabonyeza kitufe miguu miwili inashuka, ambazo ni nzito na zinakula betri. Kwa tela la futi 16 naziona ni mbwembwe. Halafu kuna jeki ya mkasi, ndugu wa ile inayokaa kwenye buti la gari dogo: mikono minne, skrubu moja ya kulala katikati, bamba juu na unyayo chini. Hii ndiyo tuliyochukua, saizi ya inchi 24, iliyoandikwa uwezo wa pauni 5,000.

Shemeji alitaka ya pauni 7,500. Tukabishana kidogo pale kwenye foleni ya malipo. Pauni 5,000 ni kilo 2,268. Tela lake lote, likiwa limejaa maji na vyombo, halifiki kilo 1,600. Kwenye karatasi jeki moja ingelibeba lote. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko inahusu mzigo unaoshuka wima, na tela halikuwa na shida ya kushuka wima. Shida yake ilikuwa kusukumwa ubavuni, na kuhusu hilo kibandiko hakisemi lolote. Kinachosaidia ubavuni ni unyayo mpana, pini zisizocheza kwenye matundu yake, na jeki isiyonyooshwa mpaka mwisho ikawa ndefu na nyembamba kama twiga.

Wala isiwe imelala sana. Jeki ya mkasi ina tabia ambayo kila fundi ameihisi mkononi bila kupiga hesabu: ikiwa chini kabisa ni ngumu kuzungusha, ikipanda inalegea. Mvuto ndani ya skrubu ni uzito uliobebwa ukigawanywa kwa tanjenti ya pembe ya mikono kutoka usawa wa ardhi. Mikono ikiwa digrii 45, kilo 200 za mzigo ni kilo 200 za mvuto kwenye skrubu. Ikiwa digrii 15, kilo 200 zilezile zinakuwa karibu 750. Ndiyo maana watu wanaoweka gogo nene chini ya jeki iliyolala huchoma drili wanazozungushia skrubu na kula meno yake. Fremu ya shemeji iko sentimita 45 kutoka ardhini. Jeki ya inchi 24 hufika sentimita 61. Ukiweka ubao wa kawaida chini, inafanya kazi katikati ya uwezo wake, si chini wala si juu. Hesabu hiyo ilinishughulisha kuliko namba ya pauni.

Wapi pa kuifunga

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, nimelala chali juu ya kadibodi.

Mwongozo wa kila mtu ni "kwenye kona". Kona kabisa ndiko jeki inakopata nguvu zaidi, maana iko mbali na ekseli. Lakini jeki ya mkasi ikikunjwa inaning'inia kama sentimita 10 chini ya fremu, na nyuma ya tela ndiko kunakokwaruza ukipanda mlango wa kituo cha mafuta. Bampa liko mita 2.2 nyuma ya ekseli, sentimita 45 kutoka ardhini: pembe ya kupandia, yaani mwinuko ambao nyuma huanza kukwaruza, kwa hesabu ya haraka, ni digrii 11 na nusu. Jeki ikifungwa sentimita 5 tu kutoka bampa, kitu cha chini kabisa kinakuwa sentimita 35 kutoka ardhini na pembe inashuka hadi digrii 9 na kidogo. Ikisogezwa mbele, ikawa mita 1.8 nyuma ya ekseli, pembe ni digrii 11. Yaani kwa kuisogeza sentimita 35 tumerudisha karibu kila kitu barabarani, na tumepoteza kama asilimia 16 ya mkono wa nguvu, yaani umbali wa jeki kutoka ekseli, kambini. Nikachagua mita 1.8. Shemeji anapita kwenye mteremko wa kuingilia nyumbani kwake kila safari. Kambini anakwenda mara sita kwa mwaka.

Huko chini pia kuna bomba la maji taka, bomba la gesi na nyaya za taa, na jeki ikifunguka mikono yake inatanuka. Nilizifungua na kuzikunja kwa mkono mahali pake kabla ya kuweka alama. Moja ingelibusu bomba la gesi. Ikahamishwa.

Maelekezo yaliyokuja kwenye boksi yaliruhusu skrubu zinazojitoboa, moja kwa moja chini ya fremu. Kwenye chuma cha milimita 3 skrubu inashika meno mawili au matatu tu, basi. Tena uso wa chini na wa juu wa fremu ndio unaobeba mvutano na mgandamizo wa kupinda kwake. Ukitoboa pale unatoboa mahali panapofanya kazi zaidi. Tukakata vipande viwili vya anglaini, yaani chuma cha umbo la L, kimoja mbele na kimoja nyuma, vya kukatiza kutoka bomba la kushoto hadi la kulia, vikachomelewa kwenye nyuso za ubavuni, karibu na katikati ya kimo. Jeki zikafungwa kwa bolti na nati kwenye anglaini. Siku moja ikiharibika, inafunguliwa kwa spana bila kuita fundi wa kuchomelea.

Kuchomelea tela la kulala si kama kuchomelea geti. Juu ya fremu kuna plaiwudi, chini ya plaiwudi kuna povu la kuzuia joto, na vyote viwili vinapenda moto. Mitungi ya gesi ilitolewa ikawekwa mbali. Waya wa hasi wa betri ulifunguliwa. Kibano cha ethi, kile cha kurudishia umeme wa mashine ya kuchomelea, kilishikwa kwenye fremu yenyewe, karibu na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye beringi za magurudumu. Povu lilikatwa nyuma, kitambaa chenye maji kikawekwa, na dada alisimama na mpira wa maji mkononi mpaka nusu saa baada ya cheche ya mwisho. Tela lilikuwa juu ya stendi za gereji muda wote. Jeki za mkasi hazikuhesabiwa kuwa zinashika kitu, na mtu yeyote asiingie chini ya tela lililobebwa nazo peke yake.

Mlango uliokataa kufunga

Safari ya kwanza ya majaribio walikwenda Inks Lake, katikati ya Texas, ambako ardhi ni mwamba wa waridi na ziwa liko hatua chache. Mimi sikwenda. Saa kumi na mbili jioni nikapata video: mlango wa tela unagonga fremu yake juu na haufungi. "Jeki zako zimelipinda tela langu," akaandika shemeji. Ghafla zikawa zangu.

Nikamuuliza aliegesha vipi. Mahali palikuwa na mwinamo wa kushoto. Kwa kuwa sasa alikuwa na jeki nne za pauni 5,000 na drili ya volti 18 yenye soketi ya robo tatu inchi, akaona mbao za kuwekea tairi za nini? Akapandisha kona mbili za kushoto mpaka pima maji ikatulia. Drili haina huruma wala haitoi taarifa. Ilipandisha kona ya nyuma zaidi ya ile ya mbele, tairi la kushoto likabaki linagusa mwamba kwa ncha, na fremu ikajisokota. Mlango uko kati ya kona hizo mbili. Ndio unaolia kwanza.

Nilimwambia ateremshe zote nne na aanze upya, nami nikabaki kwenye simu. Kabari mbele na nyuma ya kila tairi kabla ya kuachanisha gari. Usawa wa kushoto na kulia unatafutwa na tairi: tela linavutwa lipande juu ya ubao upande ulioinama. Usawa wa mbele na nyuma unatafutwa na ile jeki ya kwenye mkono wa tela. Hapo pima maji ikishatulia ndipo mkasi unashuka, na hapo kazi yake si kuinua, ni kubana. Nikamwonyesha na ujanja mmoja: shusha pua ya tela kidogo chini ya usawa, teremsha jeki za nyuma zikaguse, kisha pandisha pua irudi kwenye usawa. Nyuma inajikandamiza yenyewe juu ya jeki zake. Mwisho kona za mbele, drili iache unyayo ukigusa, na robo mzunguko wa mwisho kwa mkono. Usizidishe ujanja huo, maana kinachopinda ni fremu iliyo nyuma ya ekseli.

Mlango ulifunga.

Kilichobaki

Kwenye mwamba wa Inks Lake kucheza kwa ubavu kuliisha kwa kiasi ambacho dada alilala hadi saa mbili asubuhi, na yeye ndiye niliyemchukua kuwa kipimo. Kurudi Mustang Island kulikuwa mtihani mwingine. Unyayo wa jeki una kama sentimita za mraba 100. Kilo 200 juu yake ni kilo 2 kwa kila sentimita, na mchanga wenye maji haukubali. Usiku wa kwanza nyayo mbili zilizama. Asubuhi tukakata plaiwudi nene vipande vya sentimita 30 kwa 30, mzigo ukashuka hadi robo kilo kwa sentimita hivi, na hazikuzama tena.

Mwendo wa mbele na nyuma ulipungua lakini haukuisha. Mtu akiruka kutoka kitandani, tela bado linasogea unywele mmoja kuelekea gari. Sababu ni tairi kuzunguka kidogo kwenye kabari, pamoja na kigurudumu cha jeki ya kwenye mkono wa tela. Wenye ekseli mbili hubana kabari ya skrubu kati ya tairi mbili. Ekseli moja haina nafasi hiyo. Tuliondoa kigurudumu tukaweka unyayo bapa, na kabari za plastiki nyepesi tukazibadilisha kwa za mpira, zikasukumwa kwa nyundo pande zote mbili za kila tairi. Shemeji anataka sasa vyuma vya mshazari kutoka jeki hadi fremu, vile vinavyouzwa kuzuia mwendo huo. Mimi sijavikubali bado. Unywele mmoja haumwamshi mtu, na vyuma hivyo ni bolti nane zaidi za kutazama.

Wiki iliyopita aliniletea tela kwa sababu jeki ya mbele kushoto imekuwa ngumu. Alikuwa ameipaka grisi nene kutoka mwanzo hadi mwisho wa skrubu, kama anavyopaka mnyororo, na grisi ilikuwa imebeba nusu ya ufukwe wa Mustang Island. Tukaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tukasugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ikakauka juani, nikapulizia kilainishi kikavu. Ya kulia hakuwa ameipaka kitu chochote. Ilizunguka kwa vidole viwili.